Kamera ni Chombo, Picha ni Amana



Ndugu wasomaji, ni nadra leo kukuta nyumba ambayo haikuingiwa na kamera. Ile ndogo ya simu i mkononi mwa kila mtu, wala haina haja ya maelezo. Mwezi huu twataka kuizungumza ile kubwa ya kazi, aivaayo mpiga picha shingoni katika arusi na mahafali, kwani wako vijana wetu wengi, wa kiume na wa kike, ambao riziki yao ya halali imo ndani yake. Baadhi yao wamenunuliwa na wazee wao kwa pesa za kudunduliza, wengine wameikopea. Kisha hautimii mwaka wa pili ila chombo kimekwisha haribika, na hali hakikuanguka wala hakikulowa mvua. Na iko khasara kubwa kuliko hiyo, nayo ni ya mpiga picha aliyepoteza picha za arusi ya watu, au aliyeacha picha za wanawake wa nyumba ya watu zikaonekana mahala pasipostahili.

Mambo mawili haya, kukitunza chombo na kuitunza picha, watu wamezoea kuyatenga. La kwanza huambiwa ni la fundi, na la pili ni la sheikh. Sisi twaona asili yake ni moja. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 58, tuzirejeshe amana kwa wenyewe. Sasa mtu ataurejeshaje wajibu huo, ikiwa chombo kilichokamata amana hakijui, na njia ambazo amana hupotea hazijui? Katika kazi hii, ujinga wa chombo ni mlango wa khiyana, japo mwenyewe hakuikusudia.

Kabla hatujaendelea, yuko atakayeuliza: Je, picha si haramu? Jawabu ni kwamba wanavyuoni wamekhitalifiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu 1914 hata 1920, aliandika risala ya kuijuzisha picha ya kamera, akaona kuwa ni kukizuia kivuli kwa chombo wala si kuumba sura. Wako na wanavyuoni wengine wakubwa walioikataza, ila kwa haja kama ya pasi na vitambulisho. Hatukusudii kuukata ukhitilafu huo katika ukurasa huu. Aliyefuata kauli ya kukataza, na aiache kazi hii kwa moyo mkunjufu. Ama aliyefuata kauli ya kujuzisha, huyo ndiye tunayemsemesha, na twamwambia: kujuzishiwa chombo si kujuzishiwa kila kifanywacho nacho.

CHOMBO CHENYEWE

Neno kamera ni la Kilatini, na maana yake ni chumba. Kabla ya Wazungu kutengeneza sanduku la kupigia picha, mwanachuoni wetu Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra kiasi cha mwaka 354 wa Hijra (965), alieleza katika Kitab al-Manadhir kwamba jicho huona kwa nuru itokayo katika vitu ikalijia. Alijaribu nuru ipitayo katika kitundu na kuingia mahala penye giza, na akaandika risala juu ya umbo la jua lililopatwa lionekanavyo kwa njia hiyo. Kamera iliyo shingoni mwa kijana wetu ni chumba hicho hicho cha giza, kilichotiwa lenzi mahala pa kitundu.

Kamera tunayoisema, ambayo wauzaji huiita DSLR, ina kioo kilichoinamishwa nyuzi 45 nyuma ya lenzi. Nuru hukipiga kioo, ikapanda juu kwenye kipande cha bilauri chenye pembe nyingi, ikageuzwa humo mpaka ikafika jichoni mwa mpiga picha. Kwa hiyo alionalo ni lile lile litakaloshikwa. Anapobonyeza, kioo huruka juu, na mapazia membamba yaliyo nyuma yake hufunguka na kufunga, pengine kwa sehemu moja ya 8,000 ya sekunde. Katika muda huo nuru huangukia kihisi, nacho ndicho kilichokaa mahala pa filamu. Katika kamera kubwa za kazi kihisi kina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24, sawa na filamu ya zamani.

Kamera ya kwanza ya namna hii kuuzwa kwa watu wa kazi ilikuwa Kodak DCS ya mwaka 1991, iliyojengwa juu ya mwili wa Nikon F3. Mwaka 1999 Nikon ikatoa D1, na 2001 Canon ikatoa EOS-1D. Leo makampuni hayo mawili yameelekeza nguvu zao katika kamera zisizo na kioo. Tangu 2020, zilipotoka Nikon D6 na Canon EOS-1D X Mark III, hayakutoa nyingine ya kioo ya daraja hiyo. Watu wengi wamezihama za kioo, kwa hiyo kamera nzuri zilizokwisha tumika hupatikana kwa bei nafuu kuliko zamani. Jambo hili ni kheri kwa kijana aanzaye kazi, lakini kila penye mtumba pana mtihani wa kununua na kuuza.

KUNUNUA NA KUUZA

Mapazia tuliyoyataja yana umri wake, na watengenezaji huyajaribu na kutangaza hesabu. Ya Canon EOS 5D Mark IV yamejaribiwa kwa mara 150,000. Ya Nikon D850 kwa mara 200,000. Ya Nikon D6 kwa mara 400,000. Mpiga picha akipiga picha 2,000 katika arusi moja, arusi 100 zitamfikisha 200,000. Si kusema kwamba pazia litakatika siku hiyo; huenda likaishi zaidi, na huenda likakatika kabla. Lakini mnunuzi ana haki ya kuijua hesabu hiyo, kama mnunuzi wa gari alivyo na haki ya kujua ilikokwenda. Katika kamera nyingi za Nikon hesabu huandikwa ndani ya picha yenyewe, na husomwa kwa programu ya kompyuta. Basi omba upige picha moja, uichukue ukaisome.

Kisha itazame lenzi. Ifungue tundu lake lote, umulike kwa tochi upande mmoja na utazame upande wa pili. Ukiona nyuzi nyembamba zilizotawanyika kama utando wa buibui au mizizi ya mche, hiyo ni kuvu iliyoota ndani ya vioo. Vumbi kidogo halidhuru picha. Kuvu hukua, na ikikaa sana huila ile rangi nyembamba iliyopakwa juu ya kioo, hata fundi akiiondoa pakabaki alama.

Na wewe muuzaji, ukumbuke khabari iliyopokewa na Abu Huraira katika Sahih Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono ndani ya chungu ya nafaka, vidole vyake vikakuta unyevunyevu. Alipomuuliza mwenyewe akajibu kuwa ni mvua. Mtume akamlaumu kwa kutouweka ulioloa juu watu wakauona, na akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Angalieni jinsi khabari hii ilivyolingana na jambo letu: aibu iliyofichwa ilikuwa ni unyevu, na iliyofichwa ndani ya lenzi pia ni zao la unyevu. Nje kunang'ara, na ndani kumeharibika. Sema aibu ya bidhaa yako, na upunguze bei.

ADUI WANNE WA KAMERA

Adui wa kwanza ni unyevu. Kuvu hupenda unyevu, giza na kutoguswa. Sote tumeona kitabu kilichofungiwa kabatini tangu masika hata masika kinavyoota ukungu na kunuka. Lenzi iliyofungiwa katika mkoba wa ngozi ni vivyo hivyo. Hewa ya pwani yetu siku nyingi hupita asilimia 70 ya unyevu, na kamera yataka kukaa kiasi cha asilimia 40 hata 50. Asiyeweza kununua kabati la umeme likaushalo hewa, na atwae sanduku la plastiki lenye mfuniko wa mpira usiopitisha hewa, atie ndani pakiti za silika jeli na kipima unyevu kidogo. Zile chembe zibadilishazo rangi zikishanywa maji, zipashe kwa moto mdogo wa joko mpaka rangi yake irudi, uziache zipoe, uzitumie tena. Usitumie mchele, kwani una vumbi. Na walau kila wiki itoe kamera uitumie, hata kama huna kazi. Chombo kinachotumika huishi kuliko kilichofichwa.

Katika unyevu mna na jambo la kiyoyozi. Kamera iliyokaa chumba cha baridi ikatolewa ghafla katika joto la nje hutoka jasho, kama gilasi ya maji ya barafu. Jasho hilo halitoki juu ya kioo cha mbele tu, laweza kuingia na ndani. Kwa hiyo ifunge ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kutoka, uiache humo kiasi cha nusu saa mpaka ipate joto la mahala ulipo. Arusi nyingi siku hizi hufanywa katika kumbi za baridi, kisha watu wakatoka bustanini kupiga picha. Mwenye kujua hili hupanga wakati wake mapema.

Adui wa pili ni chumvi. Upepo wa bahari huibeba, ikaganda juu ya chuma na vifungo, nayo huvuta maji na kula. Ukirudi ufuoni au mashuani, futa mwili wa kamera kwa kitambaa kilicholoweshwa kwa maji matamu kikakamuliwa sana, kisha kwa kikavu. Ama kioo cha lenzi kina taratibu yake: kwanza pulizia hewa kwa pampu ndogo ya mpira, pili pitisha burashi laini, na mwisho futa kwa kitambaa laini cha lenzi, kwa kuzungusha kutoka katikati kwenda nje. Mwenye kuanza na kitambaa kabla ya kuondoa mchanga anakikwangua kioo kwa mkono wake mwenyewe. Kanzu na khanga hazifutii lenzi.

Adui wa tatu ni vumbi. Kila mara lenzi ibadilishwapo, chumba kile cha giza huwa wazi. Zima kamera, upe upepo mgongo, elekeza mdomo wa kamera chini, na lenzi ya pili iwe tayari mkononi. Kujua kama vumbi limeshika, punguza tundu hata alama ya 16, upige picha ya mbingu tupu au ya karatasi nyeupe. Madoa meusi yasiyohama katika kila picha ni vumbi lililokaa juu ya kihisi. Katika orodha ya amri za kamera mna amri ya kukiinua kioo kwa ajili ya kusafisha. Itumie hali betri imejaa, kwani nguvu zikikatika kioo na mapazia hurudi ghafla. Elekeza kamera chini, upulizie hewa kwa pampu ya mpira bila ya kukigusa kitu. Usipulize kwa kinywa, kwani mate hutua. Usitumie makopo ya hewa ya dawa, kwani hutema maji maji yenye baridi. Vumbi lisipotoka, mpelekee fundi. Ama kile kioo cha kuinama na mapazia, usiviguse hata kwa kidole.

Adui wa nne ni joto. Gari lililofungwa juani ni tanuri. Usiache humo kamera wala betri. Betri za lithiamu hazipendi kukaa muda mrefu zikiwa tupu, wala hazipendi kuwekwa miezi zikiwa zimejaa kabisa. Usipozitumia, ziache kiasi cha nusu, mahala penye ubaridi. Tena, kijana, usilitazame jua kwa jicho kupitia katika kamera, wala siku ya kupatwa kwake. Lenzi hulikusanya jua, na jicho likiungua hapana fundi wa kulitengeneza.

SIKU YA KAZI

Arusi hairudiwi. Mshona nguo akikosea hufumua. Mpiga picha akikosea, nikahi imekwisha fungwa na wageni wamekwenda zao. Kwa hiyo usiku wa kabla yake jaza betri zote, tazama saa ya kamera, na chukua kamera ya pili hata kama ni ya kuazima. Kamera nyingi za kazi zina mahala pa kadi mbili, mfano Canon EOS 5D Mark IV na Nikon D850. Ziamrishe ziandike kila picha katika kadi zote mbili kwa pamoja. Wengi hupanga kadi ya pili ianze itakapojaa ya kwanza. Mpango huo huongeza nafasi, hauongezi salama.

Nikahi ikifungwa msikitini, zima taa ya kumweka. Kamera nyingi zina namna ya kupunguza mlio, itumie. Usipite mbele ya mwenye kusali kwa kutafuta pembe nzuri. Na ikifika Sala, weka kamera chini, usali pamoja na wenzio. Picha ya arusi haikuwa udhuru wa kuacha faradhi.

PICHA NI YA NANI?

Sasa tumefika kwenye kiini. Baba wa bibi arusi anapomfungulia mtu mlango wa nyumba yake, anamwekea amana nzito. Khasa siku ya kupamba, ambapo wanawake huwa wamejipamba kwa kuwa wako wao kwa wao, na mahala pengi hukatazwa kabisa kuingia na simu. Huko aingie mpiga picha mwanamke, na twawahimiza wazee wawasaidie binti zao wanaotaka kujifunza ufundi huu kwa ukamilifu, kwani haja yao ni kubwa na wenye kuujua vyema hawatoshi. Lakini hata akiwa mwanamke ndiye aliyepiga, picha zikitoka hapo huenda wapi? Husafishwa na kijana gani? Hutiwa katika kompyuta ya duka gani? Sitara ya mlangoni haifai kitu ikiwa dirisha la nyuma li wazi.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui, na kwa ajili yake tumeyaandika haya yote. Ukiifuta picha katika kadi, picha haiondoki. Hata ukiifuta kadi nzima kwa ile amri ya kawaida ya kuitayarisha upya, kinachoondoka kwa kadi nyingi ni orodha tu. Ni kama kitabu kilichochanwa ukurasa wa faharasa: milango yake yote imo, na mwenye kupekua ataisoma. Picha hukaa pale mpaka picha nyingine ziandikwe juu yake, na programu za kuzitoa hupatikana kwa kila mtu.

Khabari hii ina rehema na ina khatari. Rehema yake ni kuwa ukifuta kwa kukosea, usifadhaike: itoe kadi papo hapo, usipige picha nyingine hata moja, na umpelekee mjuzi. Huenda zote zikarudi. Na khatari yake ni kuwa ukiiuza kadi hiyo, au ukiiazima, au ukiuza kamera na kadi yake ndani, umewauza na wanawake wa watu waliomo. Baadhi ya kamera zina amri ya kufuta kwa undani, itumie. Ama kadi iliyobeba picha za ndani ya nyumba za watu, aula usiiuze kabisa. Ikichakaa, ivunje. Thamani ya kadi na heshima ya mtu hazipimwi katika mizani moja.

Basi hizi ni kanuni tunazozipendekeza kwa kila mpiga picha Mwislamu:

Kwanza, usifute kadi mpaka picha ziwe zimekwisha hifadhiwa mahala pawili mbalimbali, na kimoja kikae nyumba nyingine, kwa khofu ya moto na mwizi.

Pili, kompyuta na diski zenye picha za watu zifungwe kwa neno la siri, na zisipelekwe kwa fundi zikiwa na picha ndani.

Tatu, usiitie picha ya mtu katika mitandao kwa kujitangazia kazi ila kwa idhini yake. Idhini ya bwana arusi si idhini ya mkewe, wala idhini ya mkewe si idhini ya wageni.

Nne, andikianeni. Mwenyezi Mungu ametufunza katika aya ya deni, ndani ya Suratul Baqara, kuyaandika mambo ya mali kwa mashahidi. Andikeni bei, siku ya kukabidhi, nani atazisafisha picha, na muda gani zitabaki kwa mpiga picha kabla ya kufutwa.

Na nyinyi wazee, msimchague mpiga picha kwa bei peke yake. Muulizeni maswali mawili: kadi zako huziandika mbili kwa pamoja? Na picha zetu utazifutaje baada ya kutukabidhi? Mwenye kujua atajibu mara moja. Asiyejua, mshahara wake hata ukiwa rahisi, huenda mkamlipa mara ya pili kwa heshima yenu.

Imepokewa kwa Mtume (S.A.W.) kwamba Mwenyezi Mungu hupenda mja afanyapo kazi aifanye kwa ustadi. Ustadi wa mpiga picha hauishii katika uzuri wa picha. Umo katika sanduku kavu, kadi mbili, kitambaa safi, na ulimi usiosimulia alichokiona jicho lake ndani ya nyumba za watu. Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wetu milango ya riziki za halali, na atusitiri sote duniani na akhera. Amin.

Wabillahi ttaufiq.